Eti ni utani wa mpira tu?

SWALI: Anti, juzi kibanda umiza hapa Mikindani tunacheki mechi ya Ulaya, mashabiki kule wakaanza kumtolea mchezaji mweusi milio ya nyani, washkaji kwenye benchi wakacheka eti utani, mi nikanyamaza. Nilikosea?

JIBU: Utani gani huo mwanangu? Vinícius Júnior, yule mchezaji mweusi wa Brazil, alifanyiwa hivyohivyo Mestalla, uwanja wa Valencia kule Hispania, Mei 2023, na Juni 2024 mashabiki watatu wakahukumiwa kifungo cha miezi 8. Utani sisi tunaujua, watani wanakuja kukukera mpaka msibani lakini na wewe unajibu, sasa yule anamjibu nani, uwanja mzima? Na haohao washkaji (nawajua aina yao) ndo wanaomwita mtoto wa jirani "mkaa". Siku nyingine waulize palepale, angekuwa mdogo wako ungecheka?