Kichwa mara 7 katika mirusho 10: sarafu ni mbovu?

SWALI: Nafundisha Hisabati darasa la sita hapa Bagamoyo. Niliwaambia wanafunzi wangu 40 kwamba uwezekano wa sarafu kuangukia kichwa ni nusu, kisha kila jozi ikarusha mara 10. Jozi moja ilipata kichwa mara 7, nyingine mara 2. Wakasema ama sarafu ni mbovu ama kanuni si ya kweli. Niliwajibu kuwa wakirusha mara nyingi pande zitalingana, lakini hawakuridhika. Niwaonyesheje?

JIBU: Mwalimu, sarafu zenu ni nzima. Kwa mirusho 10, uwezekano wa kupata 7 kwa 3 au pengo kubwa zaidi, upande wowote, ni asilimia 34 hivi. Katika jozi 20, tarajia kama saba zenye majibu hayo. Zitakazopata 5 kwa 5 kamili ni kama tano tu.

Jaribio moja kubwa peke yake haliwafundishi watoto jambo hili. Wanahitaji kuona majaribio mengi madogo na mengi makubwa kwenye ubao mmoja. Chora mistari miwili ya asilimia, kuanzia 0 hadi 100, mmoja juu ya mwingine. Kila jozi irushe mara 50, kwa raundi tano za mirusho 10. Mmoja anarusha, mwenzake anaandika. Matokeo ya raundi ya kwanza yawekewe alama ya X kwenye mstari wa juu. Wakimaliza zote, wazidishe idadi ya vichwa kwa 2 kupata asilimia, waweke X kwenye mstari wa chini.

Juu, kama jozi 13 zitakaa kati ya 40 na 60, nyingine zitatapakaa, pengine hadi 20 au 80. Chini, jozi 17 au 18 zitakuwa kati ya 40 na 60. Mwisho jumlisha mirusho yote 1,000 ya darasa: karibu kila mara utapata kati ya asilimia 47 na 53. Waulize kwanza wao wanaona nini, ndipo ueleze.

Sasa lile neno "zitalingana". Liache kabisa, kwa sababu linawafanya waamini kwamba vichwa vikizidi, sarafu itafidia baadaye. Sarafu haina kumbukumbu. Jozi iliyoanza na 7 kwa 3 ikimaliza na 28 kwa 22, pengo limekua kutoka 4 hadi 6, huku asilimia ikishuka kutoka 70 hadi 56. Kinachosogea kwenye nusu ni sehemu ya jumla, si hesabu ya vichwa na wanyama (upande wa pili wa sarafu). John Kerrich, mwanahisabati aliyezuiliwa Denmark wakati wa Vita Kuu ya Pili, alirusha sarafu mara 10,000 akapata vichwa 5,067. Pengo ni 134, lakini asilimia ni 50.67. Mfano huo unatosha kwa mwanafunzi mbishi.

Yanayoharibu zoezi ni machache. Sarafu ikibiringika chini ya dawati, watoto huacha kuihesabu, au huirudia ikiwa hawakupenda matokeo. Warushe juu ya kanga iliyokunjwa. Wengine husimama wakishapata wanachotaka, kwa hiyo idadi ya mirusho ipangwe mapema. Wapo pia watakaobuni majibu. Aliyebuni hupenda kubadilisha pande mno, ilhali katika mirusho 50 ya kweli jozi nyingi hupata upande mmoja mara tano mfululizo au zaidi. Ukitaka kulikagua hilo, waandike K (kichwa) na M (mnyama) kwa mpangilio ulivyotokea badala ya vijiti vya kuhesabia.

Kwako mwalimu: ili mtawanyiko, yaani jinsi alama za X zinavyotapakaa, upungue kwa nusu, mirusho iongezeke mara nne, yaani kutoka 10 hadi 40, kisha 160.

Kipindi kinachofuata tumia kifuniko cha soda. Hapo hakuna anayejua jibu kabla, wala hakuna sababu ya kudhani ni nusu, na ndipo ukubwa wa sampuli, yaani idadi ya mirusho, unapokuwa na kazi halisi. Mirusho 10 haitoshi. Fika 200 kabla ya kutaja makadirio. Lakini vifuniko hupindwa tofauti na kifungulio, hivyo kila kimoja kina uwezekano wake. Usijumlishe matokeo ya vifuniko mbalimbali: chagua kimoja, kizungushwe darasa zima, kila mwanafunzi akirushe mara 5.