Kamerlengo si kaimu Papa: kwa makatekista wapya na vijana wa mawasiliano

Papa anapofariki, kosa ni lile lile. Kabla kengele hazijanyamaza, kundi la WhatsApp la jumuiya limeshatangaza: "Kardinali fulani ndiye Papa wa muda." Ninyi mlioanza huduma hii karibuni katika parokia za Mombasa, tulieni kwanza. Jirani atawauliza barazani, "Sasa nani anashika?" Mpeni jibu la kweli: ni Kamerlengo, kardinali anayetunza mali na haki za Kiti Kitakatifu, yaani ofisi ya Papa, mpaka Papa mpya apatikane; si Papa wa muda.

1. Kazi ya kwanza ya Kamerlengo ni kuthibitisha kifo rasmi, mbele ya mashahidi, na hati ya kifo iandikwe. Ile hadithi ya nyundo ya fedha kwenye paji la uso haimo katika taratibu za leo; msiifundishe. Kisha hutia lakiri. Papa Fransisko alipofariki Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025, Kardinali Kevin Farrell, Kamerlengo wakati huo, alifunga milango ya makao ya Kitume, na pia ya Santa Marta alikokuwa akiishi Papa, kwa utepe na nta. Pete ya Mvuvi, yaani pete rasmi ya Papa, na muhuri wake wa madini ya risasi huharibiwa mbele ya makardinali, asije mtu akaghushi hati kwa jina la marehemu. Saa mnazoona kwenye taarifa ni za Roma: saa 1:35 asubuhi kule ilikuwa 2:35 hapa. Rekebisheni kabla ya kutuma.

2. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kamerlengo hutunza mali na haki za Kiti Kitakatifu akisaidiwa na makardinali watatu, na kwa mambo mazito anahitaji kibali cha Baraza la Makardinali. Basi. Ameshika funguo za nyumba mpaka mwenyewe afike. Hana ruhusa ya kubomoa ukuta. Hateui askofu, hatungi sheria, hatangazi mtakatifu. Makardinali wote kwa pamoja nao hawawezi kufanya yaliyo ya Papa peke yake: kanuni ya 335 ya Sheria za Kanisa inakataza kugeuza lolote katika uongozi wa Kanisa zima wakati kiti ki wazi, na Universi Dominici Gregis, katiba ya Kitume ya mwaka 1996 kuhusu kipindi hiki, inarudia hilo. Wakuu wa mabaraza ya Kipapa huacha vyeo vyao. Kamerlengo hubaki, na Mhudumu Mkuu wa Toba, anayeshughulikia maondoleo ya dhambi, naye hubaki, kwa sababu mlango wa huruma haufungwi hata siku moja.

Kwa hiyo jimbo linalongoja askofu litaendelea kungoja. Lakini harusi ya Jumamosi pale Changamwe inafungwa, watoto wa Likoni wanabatizwa, na askofu wetu anaongoza jimbo lake kama jana. Mwambieni hivyo yule mama anayeuliza kwa wasiwasi kama kipaimara cha mwanawe kitaahirishwa. Kanisa halijasimama.

3. Sakristia: jina la Papa linaondolewa katika Sala ya Ekaristi, la askofu linabaki. Msiweke la Kamerlengo mahali pake, tafadhali sana.

4. Mazishi huongozwa na Dekano, mkuu wa Baraza la Makardinali, si Kamerlengo. Konklave nayo, kikao cha kumchagua Papa, Kamerlengo haiongozi kwa cheo chake: mwaka 2025 Dekano Re alikuwa amepita miaka 80, umri wa mwisho wa kupiga kura, kwa hiyo akaongoza Kardinali Parolin. Kamerlengo hupiga kura kama wenzake akiwa hajafikia umri huo, na anaweza kuchaguliwa. Kamerlengo Pecci alichaguliwa 1878 akawa Leo XIII, na Kamerlengo Pacelli 1939 akawa Pius XII. Mwisho huandaa hati ya matokeo ya kura za kila kikao, ikatiwa bahasha yenye lakiri na kukabidhiwa Papa mpya.

Jina likishatangazwa, lirudisheni altareni. Kwa Papa wa sasa, Leo XIV, mwandikieni padre "Leo" tu. Namba haisomwi kwenye Sala ya Ekaristi.