Mbwa anatafuna kila kitu? Acha kutafuta kigumu, mtafutie kazi

Juzi msomaji mmoja wa Lindi, wa kule Mitwero, kanitumia ujumbe mrefu. Mbwa wake ana miezi minane. Kamaliza kandambili za nyumba nzima, akahamia kwenye ndoo, akaja kwenye mpira wa kumwagilia bustani, sasa yuko kwenye kochi. Anauliza: "Dada, nielekeze mdoli wa mbwa usioharibika. Bei si tatizo."

Hilo la bei si tatizo ndilo lililonikalisha niandike, maana na mimi niliwahi kulitamka, na kuna muuzaji Dar es Salaam alilisikia vizuri sana.

Kwa wageni: mimi ni fundi cherehani hapa Mtwara, Magomeni, na kibanda changu kiko ubavuni mwa nyumba. Mbwa wangu ni chotara, mama wa kienyeji, baba Jerimani shepadi wa kule Shangani. Nilimchukua baada ya wezi kubeba mashine yangu ya kudarizi usiku. Nikamwita Jimi. Watoto wa mtaani hawakuchukua muda wakambadilishia jina, wakamwita Katapila, na leo ukimwita Jimi hata sikio hatikisi.

Alikula mpini wa jembe, mafagio, kamba ya kuanikia nguo pamoja na vibanio vyake, kona ya mlango wa uani. Hayo yote nimesamehe. Nisilolisahau ni la mteja.

Alikuwa mama wa makamo, ana harusi ya mwanawe, ameleta vitenge vya sare za mashangazi. Gauni la kwanza nilishalimaliza, nimelitundika. Akaja kupima, simu ikaita, akatoka nje kuipokea na mlango wa uani akauacha wazi. Nasema tena: aliuacha yeye. Tuliporudi kwenye gauni, mkono wa kushoto haukuwepo. Si kwamba umechanika, haupo! Kwapani kumebaki nyuzi zinaning'inia na mate. Nikanunua kitambaa kwa pesa yangu, nikakesha, sare zikafika harusini kwa wakati. Bado akazunguka mtaa mzima akisema nguo kwangu zinapita kwanza kwa mbwa. Kwa mtaa ambao wengi wetu ni Waislamu, unajua neno hilo linakata wapi. Mpaka leo akipita mbele ya kibanda anatazama upande wa pili, na sare za Idi anapeleka kwa fundi mwingine. Sawa, wateja ni wengi. Lakini mlango aliuacha yeye.

Basi nikaanza kutafuta midoli kwenye simu. Shemeji yangu wa Newala, aliyekuja mjini kufuatilia malipo ya korosho, alipoona ninachokitafuta alicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, watoto wa Kitangari wanacheza na mpira wa matambara, wewe unamnunulia mbwa mdoli? Mtie mnyororo, yaishe." Sikumjibu. Nitamjibu hapa hapa, chini.

Yule muuzaji wa Dar alinitumia mfupa wa plastiki wa rangi ya chungwa, umeandikwa kwa herufi kubwa za Kiingereza kwamba hauharibiki. Ulishuka kwenye basi asubuhi. Alasiri ulikuwa umebaki pembe mbili. Magharibi nilikuwa nafagia vipande uani na kuvipanga juu ya gunia, nikiunganisha hiki na kile kuona kama mfupa umetimia, kwa sababu kipande kisichoonekana uani kiko tumboni. Muuzaji nilipompigia akaniambia mwenye kasoro ni mbwa wangu.

Hapo nikasema, mimi si fundi? Nikachukua jinzi kuukuu, nikapanga tabaka kwa tabaka, sindano namba 18, uzi wa nailoni wanaotumia mafundi viatu, nikashona donge la kutafuna ambalo ningeweza kulitundika dukani. Ule mshono najivunia mpaka kesho. Haukufumuka! Katapila alikula jinzi kandokando ya mshono, kitambaa kikaisha, mshono ukabaki umesimama peke yake.

Nikaelewa kitu kimoja. Chochote cha kitambaa au kamba, iwe kanga kuukuu iliyosukwa, iwe kamba ya katani kama ile ya Kikwetu huko kwenu Lindi, ni cha kuvutana wewe na mbwa, wewe umeshika upande wako. Mkimaliza, kitundike juu asikifikie. Uzi mrefu ukimezwa unaweza kunasa upande mmoja, utumbo ukajikunja juu yake na kukatwa. Mimi kila siku naona uzi unavyokata kidole, sihitaji kushawishiwa.

Na kiatu cha zamani usimpe. Mbwa hajui kiatu kipi umeshakichoka.

Wengi tukishindwa na laini tunarukia kigumu. Shemeji yule yule, kwa kejeli au kwa huruma sijui, aliniletea kipande cha mpingo kutoka kwa mchonga vinyago. "Huu hata patasi inalia," akasema. Ndiyo maana sikumpa mbwa. Mbwa mzima ana meno 42, na jego lake kubwa la juu, lile la kukatia nyama, likibana kitu kigumu kulishinda hupasuka ubavuni. Mbwa wa jirani alipasua la kwake kwa mfupa wa paja la ng'ombe, akawa anatafunia upande mmoja na uso umevimba chini ya jicho. Mifupa ya kupikwa nayo huvunjika vipande vyenye ncha. Kipimo ni rahisi na hakina gharama: bonyeza kwa ukucha wa dole gumba. Kama hakibonyei hata kidogo, ni kigumu mno kwa jino.

Kinachofaa ni mpira mzito wenye kunesa. Ule maarufu kuliko yote, Kong, una historia inayonifurahisha. Miaka ya 1970, Colorado huko Marekani, Joe Markham alikuwa na Jerimani shepadi anaitwa Fritz ambaye alikuwa anajimaliza meno kwa kutafuna mawe. Siku moja Markham anatengeneza gari la Volkswagen, anatupa vipuri chini, mbwa akaacha mawe akaokota kipande cha mpira kilichotoka kwenye sospensheni. Mdoli ukazaliwa hapo, na kampuni yake ikaanzishwa 1976. Nilipomsimulia fundi wa gereji akataka kunigawia bushi kuukuu bure. Nikashukuru. Bushi ya gereji imelowa oili na ina chuma ndani, na tairi la bodaboda lina waya ukingoni. Alichookota Fritz kilikuwa wazo tu, mdoli wenyewe unatengenezwa kwa mpira wake maalumu.

Wa rangi nyeusi ndio wa mbwa wenye taya kali. Mwekundu ni wa mbwa wa kawaida. Mdogo wangu alininunulia Dar akaupakia kwenye basi, na ilikuwa ule Mei 2024 ambapo Kimbunga Hidaya kilikuja na mvua zikakata barabara kule Somanga. Mdoli wa mbwa umekwama njiani na abiria, na mimi nyumbani nalinda mguu wa meza. Chukua saizi kubwa kuliko unayodhani. Ukiweza kupita nyuma ya magego yake, ni mdogo.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wanaonunua mpira huo huo wanarudi kulalamika kwamba mbwa hauangalii. Mtupu hauna maana. Katikati una shimo, na shimo ni la chakula. Mimi hukanda ugali wa dona uliolala na dagaa, bila kitunguu kabisa, kwa sababu kitunguu huharibu damu ya mbwa. Nashindilia mpaka ndani kwa mpini wa mwiko, naacha kichwa kimoja cha dagaa kinachungulia mdomoni ili apate pa kuanzia, kisha nagandisha kwenye friji usiku. Umeme ukikatika nashindilia zaidi, basi. Asubuhi nikifungua kibanda nampa, analala nao kivulini chini ya mwembe, miguu ya mbele imeukumbatia, ulimi unaingia na kutoka shimoni, macho nusu yamefumba. Hicho ni chakula chake cha asubuhi, si nyongeza. Zamani alikuwa anakimeza kwenye bakuli kwa pumzi moja kisha anatafuta kazi ya kufanya, na kazi ilikuwa mlango wangu.

Najua mnalotaka kuuliza kuhusu friji. Mama mkwe aliuliza kabla yenu, na kwa sauti. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi huku pwani, kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Basi nina ndoo ya mbwa, kopo la udongo safi kando yake, mpira unaoshwa hivyo hivyo, unaingia kwenye kopo lenye mfuniko, ndiyo unaenda friji. Na mbwa wa ulinzi ameruhusiwa, atakayebisha akamuulize shehe wake. Midoli yake isiyooshwa hivyo haivuki kizingiti cha nyumba, wala yeye mwenyewe. Tangu niweke utaratibu huo majirani wamepunguza maneno. Hawajaacha, wamepunguza.

Halafu kuna mbwa ambao raha yao ni kuchana, na Katapila ni wao. Huyo ukimpa cha kudumu peke yake unamdhulumu. Mpe cha kuchana! Mimi huchukua boksi la sabuni la dukani, natoa pini na selotepu, natia dagaa chache na karatasi za kukatia patroni, nafunga. Anachana, anafurahi, nafagia. Nazi ya koroma yenye makumbi yake nayo ni shughuli nzuri: anavuta nyuzi moja moja na kuzitema, uani kunakuwa kama kitanda cha usumba kimepasuka. Ila hiyo ni ya kusimamiwa, na akifika kwenye kifuu unamnyang'anya, kifuu hupasuka vikali. Wale wanaomeza makumbi badala ya kutema wasipewe kabisa.

Kwa sisi wa Kusini kuna jambo lazima nilitie mkazo: msimu wa kuanika, korosho ghafi ziwe mbali naye. Ganda lina mafuta yanayobabua, aliyewahi kubangua kwa mkono anajua, sasa fikiria mdomo na ulimi wa mnyama. Mbwa anayetafuna kila kitu hatairuka korosho kwa sababu wewe umeihesabu.

Nirudi kwa shemeji. Mnyororo nimeuona ukitumika mitaa yote ya Mtwara, na sijaona mbwa hata mmoja aliyefundishwa nao kuacha kutafuna. Unamfundisha kubweka kutwa na kuchimba pale alipofungwa. Mtoto wa mbwa hung'oa meno 28 ya utoto kati ya miezi minne na sita au saba, fizi zinamuwasha, ana udhuru. Akivuka hapo, kama huyu wa miezi minane wa Lindi, kinachomtafunisha mara nyingi ni kukaa bure. Tunamleta mnyama mwenye nguvu, tunamtupia makombo saa mbili usiku, hatumtembezi, hatumsemeshi, kisha tunashangaa kochi. Watu wazima tunaosali na kuhukumiana tunashindwa kumpa kiumbe nusu saa ya kukimbia ufukweni alfajiri! Mimi nashuka naye kabla jua halijachomoza, kabla ya wavuvi kurudi na samaki, na akirudi analala chini ya mashine mpaka adhuhuri. Kibanda kimejaa vitambaa pande zote na hagusi. Msiniambie mbwa hafundishiki. Fundisha kwanza ratiba yako.

Midoli yenyewe usimwachie yote siku zote. Ukificha mingine na kuitoa kwa zamu, wa zamani anaupokea kama mpya. Na kila jioni kagua: penye mchaniko unaoingia kucha, kata shauri uutupe, hata kama ulikuwa wa bei mbaya. Mweusi wangu nimeshaubadilisha. Hakuna usioharibika, ndugu yangu wa Mitwero, kuna unaochelewa kuharibika.

Na kwa kuwa huyu wako amekula kochi, sponji iko tumboni tayari. Akianza kutapika kila anachokula, akakataa chakula, hapati choo au tumbo likawa gumu na linamuuma ukimgusa, usimpe mafuta ya kula wala maziwa wala dawa za binadamu za kumfanya aharishe. Usingoje kuche. Mpigie daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, na uende na kipande cha sponji kilichobaki aone ni kitu gani.