Kupanga safari ya gari kuelekea kaskazini ya Kanada: ushauri kwa waliohamia karibuni

Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki na kuhamia Kanada huanza kuitamani kaskazini mara tu tunapopata gari na likizo ya kwanza iliyo ndefu. Ni tamaa njema na ninaiunga mkono kwa moyo wote, kwani anayeijua Toronto au Calgary peke yake bado hajaiona nchi aliyoichagua. Hata hivyo, safari hii haipangwi kwa namna tuliyoizoea kwetu, ambako ni nadra dereva aliyeharibikiwa kukosa kijiji, duka au watu wa kumsaidia kusukuma gari. Huku jambo la kwanza la kupanga ni umbali kati ya kituo kimoja cha mafuta na kingine, la pili ni majira, na mandhari hufuata baadaye.

Tuanze na umbali. Anayeondoka Toronto kuelekea magharibi husafiri takriban kilomita 1,900 kabla ya kutoka katika jimbo la Ontario, yaani karibu mara mbili ya njia ya Mombasa hadi Malaba, na sehemu kubwa ya njia hiyo, hasa kaskazini ya Ziwa Superior, ni misitu na miamba yenye miji michache iliyoachana sana. Manitoba na Saskatchewan ni tambarare na hupitika upesi. Kutoka Edmonton barabara hupanda hadi Dawson Creek, katika British Columbia, inakoanzia Barabara Kuu ya Alaska ambayo jeshi la Marekani liliijenga mwaka 1942 wakati wa vita, na kutoka hapo hadi Whitehorse, makao makuu ya Yukon, zimebaki kilomita zipatazo 1,420. Jumla yake inapita kilomita 5,000 kwa kwenda tu. Kwa kuwa sishauri dereva mmoja azidishe kilomita 700 kwa siku, mwenye likizo ya wiki mbili atazimaliza zote akiwa kwenye usukani. Huyo apande ndege hadi Whitehorse na akodi gari huko.

Sehemu inayohitaji maandalizi makubwa kuliko zote ni barabara ya Dempster, inayoanzia karibu na Dawson City, mji wa Yukon (usiuchanganye na Dawson Creek), na kufika mji wa Inuvik baada ya kilomita zipatazo 740, karibu zote zikiwa za changarawe. Tangu mwaka 2017 imeongezewa barabara ya kilomita 138 inayofika Tuktoyaktuk, kwenye ufuko wa Bahari ya Aktiki. Changarawe yake imemwagwa kwa tabaka nene ili ardhi iliyoganda iliyo chini isipate joto ikayeyuka na barabara ikadidimia. Baadhi ya mawe yake yana makali yanayokata matairi, kwa hiyo chukua matairi mawili ya akiba, jeki nzima, na ujue kubadilisha tairi kwa mikono yako mwenyewe kabla hujaondoka nyumbani. Ukitoka Dawson City, mafuta yanayofuata yako Eagle Plains, mbele kwa zaidi ya kilomita 400. Gari linalotumia lita 10 kwa kilomita 100 litamaliza lita 40 na ushei katika kipande hicho, na upepo, tope na mizigo huongeza matumizi. Piga hesabu ya tangi lako mapema, kisha uongeze dumu la akiba. Soma pia mkataba wa kukodi gari neno kwa neno, kwani mikataba mingi inakataza barabara za changarawe, na bima haitakulipa ukiukiuka. Ruhusa yoyote utakayopewa kwa mdomo, omba iandikwe.

Majira ndiyo yanayoamua kama utafika. Dempster inavuka mito ya Peel na Mackenzie bila daraja la kudumu: majira ya joto magari huvushwa kwa pantoni, na katikati ya majira ya baridi hupita juu ya barafu yenyewe. Lakini kuna majuma, mito inapoanza kuganda na tena inapoyeyuka, ambapo hakuna pantoni wala barafu ya kutegemea, na msafiri hana la kufanya ila kusubiri. Kwa safari ya kwanza ninapendekeza kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Agosti, wakati ambapo mchana ni mrefu, na mwezi Juni na Julai usiku karibu haupo. Mbu watakuwa wengi kupita kiasi. Hawaleti malaria, ila beba chandarua cha kufunika kichwa. Ni miezi ya moto wa misitu vilevile. Mnamo Agosti 2023 wakazi wa Yellowknife, makao makuu ya Northwest Territories, takriban watu 20,000, waliamriwa kuuhama mji wao, kwa hiyo angalia taarifa za barabara na za moto kila asubuhi, na uwe tayari kugeuza.

Kuna jambo moja ambalo wenyeji hawatakuambia kwa kuwa haliwahusu. Programu ya ramani kwenye simu hupenda kumpitisha msafiri wa Toronto kwenda Winnipeg ndani ya Marekani, na ukiwa Dawson City kuna barabara nzuri inayoingia Alaska. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Marekani hata kama ana ukaazi wa kudumu wa Kanada. Weka njia isiyovuka mpaka, na uihakiki kwa macho kabla ya kuifuata.

Mwisho, usitegemee simu. Mtandao hupotea kwa mamia ya kilomita, kwa hiyo pakua ramani mapema, nunua ya karatasi, na ukodi au ununue kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti. Mwachie ndugu au rafiki orodha ya vituo vyako, siku kwa siku, na mkubaliane ni saa ngapi, asipopata habari zako, atawaarifu RCMP, polisi wa taifa wa Kanada.