Filamu yako imeambiwa "ya 18"? Kwanza ujue kasema nani

Kuna kijana wa Wete kaniandikia, kafanya filamu yake ya kwanza, mjomba wake kaiona akamwambia hii itapigwa 18 tu, yaani waione waliofika miaka 18, sasa kavunjika moyo anataka kuikata nusu. Mdogo wangu, usikate kitu. Mjomba hapangi umri.

Mie yashanikuta hayo. Filamu yangu fupi ya mwanamke anaeachwa niliipeleka kituo kimoja cha tivii (sikitaji), jamaa kaangalia kidogo tu, kaona kofi, akanambia "hii ya watu wazima, tena haina soko". Kofi moja! Na hizo tamthilia zao za nje watu wanapigana risasi na vitoto vimekaa mkekani vinaangalia. Nikiiona nembo yao mpaka leo roho inaniuma.

Ndo nikaanza kusoma. Huku Unguja na Pemba kazi ya kupanga filamu madaraja ya umri ni ya BASSFU, yaani Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, Bara wana Bodi yao ya Filamu, kwahiyo ukivuka na boti uliza kwanza, usidhani karatasi ya huku inakutosha. Marekani ndo utashangaa, serikali haimo kabisa, wenye makampuni ya filamu wenyewe waliuanzisha mpango huo 1968, na wanaopanga ni wazazi, wanaangalia filamu nzima halafu wanapiga kura. Ile PG-13, daraja la kuwaonya wazazi wenye watoto wa chini ya miaka 13, ilikuja 1984 baada ya wazazi kulalamika kuwa filamu za PG, daraja la chini yake, zinatisha watoto. Uingereza BBFC, bodi yao ya kupanga madaraja, wapo tangu 1912, lakini halmashauri ya mji inaweza kulipindua daraja lao kwenye sinema za eneo lake. Filamu ileile, madaraja mbali mbali!

Lile kofi sikulitoa. Nikapeleka panapohusika, ikapita, tukaionesha mtaani mpaka wenye viti wakasimama. Sasa nyie mnaoota kuingia Ngome Kongwe wakati wa ZIFF, tamasha letu la filamu Zanzibar, acheni kuomba ruhusa kwa kila mwenye mdomo. Fikiria daraja tangu unaandika skripti, maana wanapima matusi, mapenzi, madawa, na ukatili unavyooneshwa, damu ya kuonekana sio sawa na kilio cha nyuma ya mlango.

Na ukipewa 18, uliza sini ipi na kwanini. Wenzetu Marekani wanapunguza sekunde chache wanarudisha, wakikataliwa tena wanakata rufaa.