Mchanjeni mama kwanza, viza baadaye

Leicester, Uingereza, Februari 2022

Mdogo wangu,

Sauti yako nimeisikiliza mpaka mwisho, na ile ya mjomba uliyonitumia pamoja nayo. Umeniuliza mambo mawili kwa pumzi moja. Kwanza, Uingereza imetangaza inachukua watu wa kulea wazee, je uanze kuhangaikia pasipoti? Pili, kama Wazungu wenyewe wanajaa barabarani London kuikataa chanjo ya korona, ninyi Tanga mkachanjwe ya nini? Mjomba akaongeza la kwake, kwamba mimi sina shida, nimekula sindano tatu za bure, na nikiugua serikali inanilipa nikiwa nimelala. Hilo limeniuma. Nitajibu yote, na naomba mjomba asomewe bila kurukwa mstari.

Nianze na hilo la kulipwa. Waliokuwa wanalipwa wakiwa nyumbani ni wale ambao kazi zao zilifungwa kwa sababu ya korona. Serikali ilikuwa inabeba asilimia 80 ya mshahara wao, isizidi pauni 2,500 kwa mwezi, na mpango wenyewe ulikwisha tarehe 30 Septemba 2021. Sisi wa nyumba za wazee hatukuwemo, maana kazi yetu haikufungwa hata siku moja. Sisi tulipigiwa makofi. Kila Alhamisi saa mbili usiku watu walitoka milangoni wakatupigia makofi, kisha wakarudi ndani. Mtu wa mkataba kama wangu akiugua, malipo ya ugonjwa mwaka 2021 yalikuwa pauni 96.35 kwa wiki. Chumba changu hapa Leicester ni zaidi ya hapo. Ile Desemba hela ya mama ilipopungua na mkaulizana kwenye kundi la ukoo kama dada ameanza kuisahau nyumbani, nilikuwa nimekosa zamu kwa homa ya sindano ya tatu. Sikuwaambia. Leo nawaambia.

Na usije ukaishika homa hiyo ukaifanya sababu. Mkono uliuma, mwili ukachoka, ikapita. Nimewaosha watu waliopatwa na korona yenyewe, najua kipi ni homa na kipi ni ugonjwa.

Sasa hayo maandamano. Ni kweli, watu wamejaa uwanja wa Trafalgar Square, London, na mabango, video hizo si za kutengeneza. Ila mwenye simu anampiga picha anayepiga kelele; aliyesimama kwenye foleni kimya hakuna anayemtuma WhatsApp. Jumapili usiku tarehe 12 Desemba, waziri mkuu Boris Johnson alitokea kwenye televisheni akasema kila mtu mzima England atapata nafasi ya dozi ya nyongeza kabla mwaka haujaisha, kwa sababu Omicron, aina mpya ya kirusi cha korona, ilikuwa inapanda kwa kasi na dozi mbili hazikutosha tena kuizuia. Kesho yake tovuti ya kujiandikisha ikazidiwa na watu. Foleni zilizunguka majengo, wazee na vijana, kwenye baridi ambayo wewe bado hujaijua. Nchi hii zaidi ya watu 9 kati ya 10 wenye miaka 12 na kuendelea wameshachanjwa angalau mara moja. Hao ndio Wazungu wenyewe.

Matokeo yake nimeyaona kazini. Mwanzoni mwa Januari hii wagonjwa wapya walipita 200,000 kwa siku. Januari ya mwaka jana, kabla watu wengi hawajachanjwa, vifo vilikuwa zaidi ya 1,000 kwa siku kwa siku nyingi mfululizo. Safari hii, pamoja na wagonjwa wote hao, vifo havikufika hata theluthi ya vile. Omicron ina makali pungufu kuliko Delta, aina iliyoitangulia, siwezi kulificha hilo, lakini wazee wangu wa miaka 90 ni walewale wenye vifua vilevile, na mwaka huu wamekohoa wakapona. Mwaka ule tulikuwa tunafunga milango ya vyumba kimoja baada ya kingine.

Huyo anayeandamana ana nini ambacho wewe huna? Ana uraia. Akipiga simu gari la wagonjwa linakuja, na hospitali aliyoitukana asubuhi itampokea jioni na kumpa oksijeni bila kumuuliza hela. Anakataa akiwa ameegemea vyote hivyo. Wewe ukikataa umeegemea nini? Umesahau Februari 2021? Matangazo ya misiba yalivyofuatana, na kila familia inaambiwa ni nimonia, ni changamoto ya upumuaji? Maalim Seif alitutoka tarehe 17 mwezi ule, na chama chake kilikuwa kimeshasema wazi kwamba ana korona. Mimi nilikuwa huku naogopa kila simu ya kutoka Tanga. Kwa hiyo usiniletee Trafalgar Square.

Wapo wengine wanaokataa na hawaandamani, na hao ni watu wetu. Hawa siwezi kuwasema vibaya. Waafrika na watu wa Karibiani huku wamechanjwa kwa kiwango cha chini kuliko Wazungu, na ukikaa nao chini utaelewa. Mwanzoni waliambiwa wajawazito wasubiri, Aprili 2021 wakaambiwa wachanjwe. AstraZeneca ilikuwa ya kila mtu mzima, kisha walio chini ya miaka 30 wakapewa nyingine, mwezi uliofuata ikawa chini ya miaka 40, kwa sababu ya kuganda kwa damu kulikotokea kwa watu wachache. Mtaalamu anaona hapo kwamba sayansi inajirekebisha. Mtu aliyewahi kudanganywa na serikali anaona mengine. Hao wa Karibiani ndio walioletwa watoto, wakakulia hapa, wakalipa kodi, na uzeeni wakaambiwa hawana haki ya kuwepo. Kashfa ile ya Windrush ilifumuka mwaka 2018 tu. Halafu kuna wasio na makaratasi. Mtu ambaye viza yake iliisha zamani, anayekata kona akiona sare yoyote, umwambie akaandikishe jina na anuani kwa daktari? Serikali ilitangaza Februari 2021 kwamba chanjo ni ya kila mtu na hakuna atakayeulizwa hali yake ya uhamiaji. Wengine nimewasindikiza mwenyewe, wakachanjwa, wakarudi nyumbani salama. Wengine wamenifungia simu.

Maneno ya upole yalifanya kazi kuliko amri, hilo nimeliona. Kule Balsall Heath, Birmingham, kituo cha Kiislamu cha Al-Abbas kiligeuzwa mahali pa kuchanjia Januari 2021, na watu waliokuwa wanaogopa hospitali wakaingia kwa sababu ni nyumba yao. Wangefanya hivyo kila mtaa tusingefika tulikofika.

Tulikofika ni hapa, na hapa ndipo pa kazi unayoitamani. Kuanzia tarehe 11 Novemba 2021 sheria ya England ilisema hakuna kufanya kazi ndani ya nyumba ya wazee bila dozi mbili. Mimi nilikuwa nimeshachanjwa zamani kwa hiari yangu. Lakini nilikuwa na wenzangu, mama mmoja wa Zimbabwe na kijana wa Kenya, watu waliobaki mwaka 2020 wakati wengine wanakimbia, waliowashika mikono wazee wanaokata roho kwa sababu watoto wao walizuiwa kuingia. Wakatolewa. Yule mama alikuwa anaogopa, si mkaidi, na hakuna aliyekaa naye nusu saa akamsikiliza. Alipewa barua yenye tarehe ya mwisho. Na sikiliza hili, mdogo wangu: mjukuu anayekuja kumsalimia bibi yake hakudaiwa chanjo kwa sheria ile. Anayekwenda kuwaosha wazee majumbani kwao naye hakuguswa Novemba ile. Yeye, daktari na nesi wa hospitali walipewa mpaka tarehe 1 Aprili 2022. Sisi tunaolipwa kidogo kuliko wote ndio tuliotangulizwa. Halafu tarehe 31 Januari, wiki iliyopita tu, waziri wa afya Sajid Javid amesimama bungeni akasema wanakusudia kuifuta sheria, kwa hospitali na kwetu pia. Wangewafukuza manesi, hospitali zingebaki tupu, wameliona hilo. Yule mama wa Zimbabwe sasa anabeba boksi ghalani usiku. Hakuna aliyempigia simu.

Kwa hiyo unaponiambia nafasi zimefunguka, ujue kuna watu walitoka ndipo zikafunguka. Wengine walichoka, wengine ni wa Ulaya Mashariki waliorudi kwao baada ya Uingereza kujitoa kwenye Umoja wa Ulaya, wengine ni hawa wa Novemba. Tangazo lilitoka mkesha wa Krismasi 2021, viza zinaanza tarehe 15 Februari 2022, mshahara wa chini uliowekwa ni pauni 20,480 kwa mwaka. Najua umeshazidisha kwa shilingi ukapata milioni 60 na zaidi. Toa kodi ya mapato, toa bima ya taifa, toa chumba, toa kodi ya halmashauri, gesi, nauli, kisha toa ninyi wote mnaopiga simu. Na viza hiyo imefungwa kwa mwajiri aliyekudhamini. Akikuachisha una siku 60 za kupata mwingine, la sivyo urudi. Mwingereza mwenzako akikataa sindano anapoteza kazi. Wewe ukikataa unapoteza kazi na nchi siku hiyohiyo. Uliniuliza kama watakudai cheti cha chanjo: leo ninapoandika, Februari 2022, sheria bado ipo, na hata ikifutwa mwajiri anaweza kukuuliza. Chanjwa.

Lakini usichanjwe kwa sababu ya viza, utanikasirisha. Chanjwa kwa sababu unalala nyumba moja na mama.

Hapa ndipo panaponikosesha usingizi. Agosti 2021 Tedros, Mwafrika mwenzetu anayeongoza Shirika la Afya Duniani, aliziomba nchi tajiri zisubiri kutoa dozi za nyongeza mpaka nchi maskini zipate za kwanza. Hazikusubiri. Tanzania ilipokea dozi 1,058,400 mwezi Julai kwa watu karibu milioni 60, na mimi Desemba nikakunja mkono kwa mara ya tatu wakati mama yangu hajapata hata moja. Nilikuwa na haki ya kuchanjwa, nalea watu wanaokufa kwa mafua. Lakini nilipotoka pale sikuweza kumpigia mama siku mbili nzima. Ningemwambia nini?

Na sasa dozi zipo Tanga na yeye hataki. Simlaumu. Januari 2021 alimsikia rais wake, hayati Magufuli, kule Chato, akisema chanjo hazifai. Alijifukiza nyungu kama alivyoelekezwa. Julai tarehe 28 akamwona rais mwingine, Mama Samia, anachanjwa mbele ya kamera. Akanijibu, "Yeye ni rais, akidhurika watamtibu." Nilikosa jibu. Mzee wa miaka 68 aambiwe hivi leo, vile kesho, na kwenye simu mjomba anamrushia video kwamba waliochanjwa watakufa ndani ya miaka miwili! Mjomba, nakuheshimu, lakini wa kwanza kuchanjwa Uingereza alikuwa bibi wa miaka 90, Margaret Keenan, pale Coventry tarehe 8 Desemba 2020. Desemba 2021, mwaka mzima baadaye, alikuwa bado hai. Coventry si mbali na ninapokaa. Acha kumtumia mama hizo video.

Basi nakwambia hivi. Usije huku. Kazi inavunja mgongo, na utamwosha mtu ambaye hataki kuguswa na mkono mweusi, atakutamkia hivyo mdomoni, na utaendelea kumwosha kwa upole kwa sababu amesahau hata jina lake. Ukija, njoo na mkataba unaotaja saa za kazi kwa wiki, usome kila ukurasa, unitumie kabla ya kutia saini. Usimlipe mtu yeyote anayesema anakuuzia nafasi, hata akiwa ni wa msikitini kwetu. Nauli nitakusaidia, nilishaanza kuweka. Usimwambie mtu.

Mama usimlazimishe. Usimletee habari za Uingereza, hazimhusu. Kaa naye, msikilize anaogopa nini, mwambie na mimi nimechanjwa tatu na bado ninamsalimia kila Ijumaa. Wewe chanjwa kwanza mbele yake, akuone wiki nzima unakula na kulala kama kawaida. Akikubali, mwende asubuhi kabla ya jua kali, na umtajie nesi dawa zake za presha. Hela ya bajaji kwenda na kurudi naituma kesho nikitoka zamu. Akikataa tena nipigie hata kama ni usiku wa manane, nitazungumza naye mwenyewe.