Anasoma Kiswahili vizuri, Kiingereza anabahatisha: pa kuanzia na mtoto wa darasa la tatu

Mwalimu ameuliza kwa nini wanafunzi wake wa darasa la tatu wanasoma Kiswahili bila kukwama, lakini wakishika kitabu cha Kiingereza wanabahatisha tu. Mara nyingi si uvivu. Watoto hao ama wamekaririshwa maneno mazima, ama wanasoma Kiingereza kwa silabi za Kiswahili, na hakuna aliyewaonyesha tofauti.

Kabla ya yote, pima. Andika maneno sita yasiyo na maana yoyote: "fep", "mof", "lis", "ved", "gop", "tib". Mwite mtoto mmoja mmoja, pembeni, wenzake wasisikie. Akiyasoma manne au zaidi, sauti anazijua; kinachomwangusha ni msamiati na yale maneno yasiyofuata kanuni. Akisema "fepi", "mofi", "lisi", anasoma kwa silabi. Akishindwa yote ilhali ukurasa wa kwanza wa kitabu anausoma mpaka mwisho, huyo amekariri ukurasa. Makundi haya matatu hayatibiwi kwa dawa moja.

Mpe pia sentensi ya Kiswahili yenye silabi ngumu, kwa mfano: "Mbwa amekunywa maji ya ng'ombe." Akikwama hapo, ahirisha kusoma Kiingereza. Endelea naye kwa kusikiliza na kuzungumza, huku ukimalizia kwanza kusoma kwa Kiswahili. Tahajia ya Kiswahili ni nyoofu: irabu tano, kila moja na sauti yake. Kiingereza kina herufi 26 zinazobeba sauti zaidi ya 40, na irabu peke yake zina sauti karibu 20. Ni vigumu mtoto ajifunze kusoma ni nini kupitia lugha hiyo wakati huohuo anajifunza lugha yenyewe.

Sasa kazi yenyewe. Majina ya herufi yaache kwanza. Mtoto anayeimba "si, ei, ti" hawezi kutoka hapo akafika "cat", kwa sababu majina hayo hayaungani kuwa neno hilo. Fundisha sauti, na uzitamke safi: "sss", "mmm", "fff", "nnn" zinavutika, "p", "t", "k" ni fupi na hazina irabu nyuma yake. Ukisema "ta" au "tu" ukidhani unafundisha "t", mtoto atakusomea "katu" na hatakuwa amekosea, amefuata ulichomfundisha.

Vitabu vingi vya kufundishia huanza na s, a, t, p, i, n. Mpangilio huo ni mzuri kwa mtoto aliyekulia katika Kiingereza. Kwa mtoto wa Kiswahili, mimi naanza na irabu e, o na i, kisha ndipo nifike kwenye a, na u naiweka mwisho kabisa. Sababu ni kwamba e na o za "ten" na "pot" ziko karibu na zetu, na i ya "pin" haiko mbali sana. Hapo mtoto anapambana na jambo moja tu: neno kuishia na konsonanti.

Na kwa jambo hilo silabi anazozijua ni msaada, si adui. Usimpe "p-o-t" vipande vitatu. Mpe "po", ambayo anaijua tangu darasa la kwanza, kisha aifunge: "po-t". Vivyo hivyo "te-n", "le-g", "pi-n", "si-t", "to-p". Andika silabi kwa rangi moja na konsonanti ya mwisho kwa rangi nyingine, asome silabi, kisha aifunge. Akiongeza irabu mwishoni, mwonyeshe mdomo unakoishia: "ten" inaisha ulimi ukiwa bado umegusa ufizi wa juu, "top" inaisha midomo ikiwa imefumbwa. Mwambie abaki hivyohivyo kwa sekunde mbili. Huwezi kutoa "topu" midomo ikiwa imefumbwa. Zoezi hili dogo linaondoa "topu" na "teni" haraka kuliko kusahihishwa mara mia.

Ukifika kwenye a na u, punguza mwendo. Hapa ndipo wengi wanapopoteza watoto. Sikio la Kiswahili linasikia "hat" na "hut" kuwa neno moja, vilevile "cap" na "cup", "bag" na "bug". Mtoto anayeandika "bas" akimaanisha "bus" ameandika alichosikia, tena kwa usahihi. Kwa hiyo anza na sikio kabla ya herufi. Chora kofia kwenye kadi moja na kibanda kwenye nyingine. Tamka, yeye aonyeshe kadi, bila kusoma chochote. Akipata nane kati ya kumi, mbadilishane: yeye atamke, wewe uonyeshe. Sauti ya "hat" inatoka taya likiwa limeshuka na midomo imetanuka, katikati ya a na e zetu. Ya "hut" ni fupi, karibu na a yetu, mdomo nusu wazi. Baada ya hapo tu ndipo uandike maneno chini ya picha. Ukiruka hatua ya sikio utasahihisha tahajia hiyohiyo hadi darasa la saba.

Konsonanti zinazofuatana, kama "stop", "milk" na "desk", huzaa "sitopu" na "miliki". Anza na neno analolijua, "top", kisha sukuma "sss" mbele yake. Mwambie aguse kidole kimoja kwa kila sauti: "stop" ni vidole vinne. Akihesabu vitano, kuna irabu ameichomeka, na atakuonyesha mwenyewe ni wapi.

Yapo pia anayoyapata bure. "Sh" na "ch" anazijua. "Th" ya "thin" ni th ya "thelathini", na ya "this" ni dh ya "dhahabu". Kama nyumbani wanasema "selasini" na "zahabu", mfundishe kuweka ncha ya ulimi kati ya meno, akijitazama kwenye kioo. "Ng" ya "sing" ni ile ya "ng'ombe", ya "finger" ni ile ya "ngoma".

E ya mwisho isiyotamkwa ifundishe baada ya maneno mafupi kushika, na kwa jozi: "kit" na "kite", "hop" na "hope", "tap" na "tape". Jihadhari na "wake", "pale", "pole" na "mate". Mtoto atayasoma kwa Kiswahili, tena kwa kujiamini, na yana maana kamili kichwani mwake. Yaweke ndani ya sentensi, si kwenye orodha.

Maneno kama "said", "was", "the", "one" mpe matatu kwa wiki, si zaidi. Usimwambie akariri neno zima. Pigia mstari sehemu inayodanganya tu. Kwenye "said", s na d ni waaminifu, "ai" ndiyo inayodanganya.

Neno ambalo hajawahi kulitamka wala kulielewa lisiwe la kusoma. Kabla ya hadithi, toa maneno mapya manne au matano kwa vitu, picha au vitendo. Kueleza maana kwa Kiswahili si dhambi, kunaokoa dakika kumi. Kitabu pia kiwe saizi yake: akikosea zaidi ya neno moja katika kila kumi, kimemzidi, mpe cha chini yake.

Kunakili ubaoni si kuandika. Kila siku toa imla ya maneno matatu na sentensi moja fupi yenye sauti zilizofundishwa tu, kama "Ten men sit." Daftari litakuambia kesho ufundishe nini.

Kusoma kwa pamoja kunaficha mengi: watatu wanasoma, waliobaki wanaitikia. Waweke wawiliwawili, kila mtoto na kidole chini ya neno, wewe upite usikilize watano kwa siku. Darasa la watoto 50 utalimaliza kwa wiki mbili za masomo. Ukimsikiliza mtoto akikwama, hesabu moyoni hadi tano kabla ya kufungua mdomo. Akiwa bado kimya, gusa sauti iliyomshinda, usimtajie neno. Akilipata, arudie sentensi nzima tangu mwanzo, maana kwa kuhangaika na neno moja huwa ameshasahau alikuwa anasoma nini.